Kabla Hamjanunua Miwani, Nendeni Nungwi

Kwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar. Kwa mawaziri wenye dhamana ya utamaduni na ya uchumi wa buluu. Kwa wakuu wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa useremala katika skuli moja ya amali hapa Unguja. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadharani: fedha ni za umma na urithi ni wa watu wote.

Siku hizi ni nadra semina ya vijana na ajira kumalizika bila mtu kutaja uhalisia pepe, yaani ulimwengu wa picha ambao mtu huuingia kwa kuvaa miwani maalumu. Tunaambiwa miwani itahifadhi ufundi wa asili, itawafundisha vijana kujenga majahazi, kufinyanga, kusuka na kufua chuma, hata wazee wakishaondoka. Mimi sipingi. Nimeivaa miwani hiyo na nimeona ina nini. Ninachokiogopa ni mazoea yetu: chumba chenye kiyoyozi mjini, miwani imepangwa mezani, filamu ya dakika tatu yenye taarabu kwa chini, utepe unakatwa, wageni wanapigwa picha wakiwa wameachama, na muda si mrefu betri hazishiki chaji na mwenye funguo kahamishwa. Fundi aliyepigwa filamu, wakati huo, yuko pwani anatafuta mbao za kukopa.

Basi niruhusuni niseme miwani inaweza nini na haiwezi nini katika kazi ninayoijua kwa karibu, ya kujenga vyombo vya mbao kama wafanyavyo mafundi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, halafu niseme fedha zianzie wapi.

Mipango ya aina hii mara nyingi huchanganya vitu viwili. Kimoja ni video ya pande zote: kamera yenye lenzi zaidi ya moja inasimamishwa katikati ya kazi, inapiga mbele, nyuma, juu na chini kwa pamoja, na mtazamaji akivaa miwani anageuza shingo kuangalia anapotaka. Cha pili ni ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, ambamo mtu anashika vikono viwili, anaokota tezo ya kubuni na kuchonga mbao ya kubuni. Cha kwanza kijana mwenye kamera moja ya maana na kompyuta nzuri anakimudu, na picha zake hutazamika hata kwenye simu kwa kuizungusha mkononi. Cha pili kinataka waandishi wa programu, wachoraji na miezi mingi, na bei yake ni nyingine kabisa. Mtu akiwaletea bajeti moja iliyobeba majina yote mawili, muulizeni anauza kipi.

Mimi ningeanza na cha kwanza. Video za kawaida za mafundi wa Nungwi ziko tele, watalii wamezipiga wakachoka. Kasoro yake ni kwamba mpiga picha ndiye anayechagua. Yeye hupenda uso wa mzee, makunyanzi ya mikono, jua linavyotua nyuma ya mlingoti. Mwanagenzi anataka kuona mguu. Fundi akishika tezo huikanyaga mbao, na tezo inakuja upande wa mguu huohuo. Mguu unakaa wapi, unasogea lini, vidole vinakunjwa vipi, hapo ndipo penye somo. Kwenye picha ya pande zote, anayetaka kuutazama mguu atautazama. Anayetaka kumwangalia msaidizi aliyeshika ncha ya pili ya ubao, kazi ambayo yeye mwenyewe atapewa kabla ya nyingine zote, atageuka amwangalie. Faida hiyo sijaiona kwenye kitabu wala kwenye ubao wangu wa darasani.

Na liko somo moja ambalo miwani inaweza kulifundisha vizuri kuliko karakana yangu. Taruma, yaani ubavu wa jahazi, hutafutwa mtini likiwa limekwishapinda. Fundi huingia mashambani akitazama juu, akauzunguka mwembe, mfenesi au mtondoo, akachagua tawi ambalo mkunjo wake utalingana na tumbo la chombo ambacho hata mkuku wake, ule uti wa chini, bado haujalazwa. Hana mchoro. Vipimo vyake ni shibiri, dhiraa na pima, na chombo kizima kimo kichwani. Ukimuuliza kwa nini tawi lile na si hili, atakuonyesha kwa kidole, na wewe utaangalia kidole kinapoelekea usione kitu.

Sasa mchukueni mwanafunzi aliyevaa miwani, amesimama chini ya mwembe uleule. Picha inasimama. Anaambiwa achague tawi. Akishachagua, picha inaendelea, fundi anakata lake, na sauti yake inaeleza mengine ameyaachia nini: hili lina kifundo, lile limeoza moyo, lile la juu lingefaa nyuma karibu na shetri lakini si katikati. Mwanafunzi anaweza kuitazama miti mingi kwa wiki moja bila kuangusha hata mmoja. Katika kisiwa ambacho miti mikubwa inazidi kuadimika, na ambacho mwenye mwembe anauza maembe yake kila msimu, hakuna fundi atakayemruhusu mwanagenzi ajifunze kwa kukata ovyo.

Kuna na jicho la mstari. Kabla ubao haujapigiliwa moja kwa moja, fundi husimama omo, mbele ya chombo, akafumba jicho moja, akaufuata ubao mpaka tezi, nyuma kabisa. Huona uvimbe ambao mimi na futi yangu siuoni. Hapo video ya pande zote haitoshi, kwa sababu ukisogea hatua moja picha haisogei nawe. Panahitajika umbo la chombo lililojengwa kutokana na mamia ya picha zilizopigwa kukizunguka, ili mwanafunzi aweze kuinama, kusogea na kuchungulia. Kamera za kawaida zinatosha kwa kazi hiyo, ila lazima irudiwe kila hatua: mkuku ukishalazwa, fashini, nguzo za mbele na nyuma, zikishasimama, mbao za chini, mataruma, mpaka siku ya kushua, siku ambayo kijiji kizima kinasukuma. Jahazi huchukua miezi. Mpiga picha wa siku mbili, mwenye tiketi ya kurudi mkononi, hatufai.

Upande wa pili wa shilingi ni tezo yenyewe. Vikono vya miwani havina uzito wake; vinatetemeka kidogo tu, kama simu iliyozimwa sauti. Mbao ya kubuni haina nyuzi zinazogeuka ghafla, wala kifundo kinachoirudisha tezo kwenye muundi. Kijana atakayefuzu kwenye miwani peke yake atajikata siku ya kwanza, na nitakayempeleka hospitali ni mimi. Chukueni pia kalafati. Pamba iliyolowa mafuta inapigiliwa baina ya mbao, na fundi anajua imekaza kwa kusikia mlio unavyobadilika. Mlio unarekodika, wapiga picha wakikumbuka kuweka maikrofoni karibu na wakiacha kufunika kila kitu kwa muziki. Namna nyundo inavyomrudi mkononi hairekodiki. Deheni, ile ya chokaa na mafuta inayopakwa tumboni mwa chombo, hupimwa kwa vidole. Na sifa, mafuta yale ya papa, sidhani kama kuna kampuni itakayotengeneza miwani yenye harufu yake, na ikitengeneza hakuna atakayeivaa mara ya pili.

Kwa hivyo miwani imtayarishe mwanagenzi kabla hajafika bandani, na imkumbushe akisharudi nyumbani. Katikati pawe na banda, fundi na miaka.

Nasisitiza hili kwa sababu pwani yetu imekwishapoteza ufundi mmoja mkubwa, na tunajua kuurudisha kunagharimu nini. Vyombo vya kushonwa vya huku vimetajwa tangu Periplus, kitabu cha Kigiriki cha mabaharia wa Bahari ya Hindi, katika karne ya 1. Mitepe ya Wabajuni, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi na kuvuta tanga la mkeka, iliendelea kusafiri mpaka karne ya 20. Leo tunayo mifano yake kwenye makumbusho. Mwaka 1980, ilipojengwa merikebu iliyoitwa Sohar kule Sur, Oman, kwa mtindo wa zamani wa kushona, washonaji ilibidi watoke visiwa vya Lakshadweep, India. Huko ndiko kulikobaki mikono iliyokuwa bado inashona. Sur na Unguja zilikuwa zikitembeleana kila msimu wa kaskazi kwa vizazi, na bado ufundi wenyewe ulikwenda kutafutwa kwingine. Sisi nasi tulijengewa mtepe wa kuonyeshwa, ukawekwa ukumbini Beit el Ajaib. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka.

Katika kurekodi majengo tumeendelea kidogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipimwa kwa leza na Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town, ukuta kwa ukuta. Mikono haijapata bahati hiyo. Ilhali Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unautaja ufundi wa jadi waziwazi, na hauishii kwenye kurekodi: unadai urithishaji, kwa elimu rasmi na isiyo rasmi. Ulaya walikuwa na mradi ulioitwa Mingei, kuanzia 2018 hadi 2022, ulioshughulikia upuliziaji wa kioo, ufumaji wa hariri na utomvu wa mastiki wa kisiwa cha Chios, Ugiriki. Mafundi walifungwa vifaa vya kunasa mwendo wa mwili wakiwa kazini. Sisemi tuwaige kwa kila kitu. Fedha zao si zetu. Nasema tu kwamba hata wao, pamoja na vifaa vyote hivyo, walianzia kwa mtu anayeijua kazi.

Sasa niseme lile ambalo watu wa miwani hawalipendi. Vijana wa Nungwi hawakosi kujifunza kwa sababu hawana mahali pa kuonea. Wanapita bandani kila siku wakienda hotelini kufanya kazi. Wanaona tezo inavyokwenda, wanaona pia malipo yanavyokuja: chombo kikiagizwa kuna fedha, kisipoagizwa hakuna. Mbao ni ghali na zinatoka mbali. Ufuo waliokuwa wakijengea babu zao umebanwa na viti vya wageni. Kijana anayechagua kuwa mhudumu au kuendesha bodaboda amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Mkimvalisha miwani mkamwonyesha uzuri wa ufundi wa babu yake, atafurahi, atavua, ataondoka kwenda zamu.

Wakati huohuo Serikali imekuwa ikiwagawia wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba. Siwaombi mziondoe. Faiba ni nyepesi, haitaki kalafati, na mvuvi anajua kinachomfaa. Lakini boti ya faiba huumbwa juu ya umbo la kwanza lililochongwa, na kuchonga umbo linalokata maji ndiyo kazi aliyozaliwa nayo fundi wa Nungwi. Kwa nini karakana zinazoumba boti hizo hazina fundi wa chombo kwenye mshahara? Lamu wameshaonyesha kwamba ufundi huu haugombani na mali ghafi mpya: mwaka 2018 Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, dau lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa na kuvikwa ndara kuukuu za rangi rangi, na mwaka uliofuata likaja mpaka Unguja kwa tanga. Mbao zilikuwa za plastiki, mkuku na mataruma vilikuwa vya plastiki, lakini jicho lililoviweka mahali pake lilikuwa lilelile la chini ya mwembe.

Ndiyo maana naomba bajeti ipangwe kinyume na ilivyozoeleka. Shilingi ya kwanza inunue mbao na iagize chombo. Serikali ina visiwa vidogo vya kuhudumia, ina skuli za amali zinazohitaji chombo cha mazoezi, ina doria za hifadhi za bahari. Haiwezi kukosa sababu ya kuagiza mashua moja ya mbao kila mwaka. Shilingi ya pili imlipe fundi posho ya kufundisha na wanagenzi wake posho ya kujifunza, kwa muda wote wa ujenzi. Kamera iingie hapo, kwenye kazi ya kweli yenye tarehe ya kushua. Miwani inunuliwe mwisho, michache, na ikae kwenye skuli za amali na bandani Nungwi. Kwa kuwa nyingi za siku hizi zinafanya kazi bila intaneti mafaili yakishapakiwa, hakuna haja ya kungoja mkongo wa mawasiliano ufike ufukweni. Soketi ya umeme na kabati lenye kufuli vinatosha.

Liko suala la cheti. Fundi mwenye vyombo vyake vinavyoelea baina ya Tumbatu na Tanga hawezi kutia saini fomu ya tathmini ya mwanafunzi wangu, kwa sababu hana karatasi. Mimi ninayo, na sijawahi kujenga hata ngalawa. Bara, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hapa kwetu utambuzi wa namna hiyo umfikie fundi wa chombo kule aliko, kwa mtihani wa tezo na si wa kalamu, ili siku ya kuajiri walimu wa amali jina lake liweze kuingia kwenye orodha.

Na umiliki. Picha za mkono wa mtu na sauti yake zikiisha kuingia kwenye programu ya kampuni, zinauzwa na kuuzwa tena. Pawe na mkataba wa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya familia, useme nani anamiliki, nani anaruhusiwa kuonyesha, hoteli ikitaka kuwaburudishia wageni wake inamlipa nani. Useme pia visivyopigwa. Baadhi ya dua na sadaka za kuanzia chombo si maonyesho, na fundi akisema zima kamera, kamera izimwe. Mazungumzo ya bandani yarekodiwe kama yalivyo, lahaja ya Kitumbatu ikiwa Kitumbatu. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wapewe nakala wakusanye majina ya viungo vya chombo kabla hatujaanza kuyabuni ofisini.

Nakala mama zikabidhiwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani, katika muundo usiotegemea kampuni moja. Google ilikuwa na programu ya Expeditions, iliyowapeleka wanafunzi safari za uhalisia pepe kwa simu na kisanduku cha karatasi. Walimu wa nchi nyingi waliipanga kwenye masomo yao. Mwaka 2021 ikafungwa. Miwani tutakayonunua leo itakuwa takataka kabla mwanagenzi wa leo hajawa fundi, hilo tulikubali mapema na tulipangie.

Jambo moja la pembeni, lakini si dogo. Kila mpango wa aina hii niliouona unamtaja mwanamume mwenye tezo. Usumba unaofunga kila kitu chomboni umetoka mikononi mwa wanawake wa pwani ya mashariki, waliozika makumbi kwenye matope ya ufukwe, wakayafukua baada ya miezi, wakayaponda na kusokota. Hotuba za hifadhi haziwataji. Kamera ya kwanza ikienda Nungwi, ya pili iende kwao, na wao waamue nini kipigwe.

Ninachokiomba kwa sasa ni mkutano mmoja. Ufanyike bandani, asubuhi maji yakiwa yametoka, wala si kwenye ukumbi wa hoteli. Waje wataalamu wa miwani na vifaa vyao, waje mafundi na wanagenzi, tuje walimu. Wataalamu waangalie kazi siku nzima kabla hawajafungua kompyuta kutuonyesha mipango yao. Na kwenye karatasi ya posho, fundi mkuu aandikwe kwa kiwango kilekile cha mshauri mwelekezi anayetoka mjini.

Nasubiri majibu yenu.

Mwalimu wa useremala,
Unguja